Kupiga picha za mwanga na kivuli ofisini: anza na swichi ya taa

Kinachoharibu picha nyingi za ofisini ni taa za dari. Zimepangwa ili kila meza ipate mwanga sawa, kwa hiyo kivuli kinachotupwa na taa moja hufutwa na ya jirani. Kabla hujatoa kamera, omba safu ya taa iliyo karibu na dirisha izimwe. Wakikubali, una kitu cha kupiga. Wakikataa, tutafika huko.

Jua letu lina tabia yake. Dar es Salaam, jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho mwaka mzima. Dirisha ambalo ukingo wake wa juu uko mita 2 kutoka sakafuni litaingiza jua mita moja na kidogo tu. Jua likiwa nyuzi 30, yapata saa mbili baada ya kuchomoza, dirisha hilohilo linafikisha mwanga mita 3.5 ndani: juu ya meza ya mhasibu, kwenye rafu ya mafaili, ukutani. Basi dirisha la mashariki ni la asubuhi, la magharibi ni la kuanzia saa kumi alasiri. Vitabu vya Ulaya husifu dirisha la kaskazini kwa mwanga wake mpole. Huku kwetu mwezi Juni ndilo linalopigwa na jua, na Desemba ni zamu ya la kusini.

Vivuli vya nondo za dirisha ni vizuri mno, ila viangalie kwa karibu. Jua si nukta, ni duara, hivyo ukingo wa kivuli hutawanyika karibu sentimita 1 kwa kila mita unayokwenda mbali na nondo. Nondo ya milimita 12 ikiwa mita 3 kutoka ukutani inaacha alama hafifu tu. Ukitaka mistari mikali, tumia ukuta wa pembeni unaopakana na dirisha.

Sasa kamera. Ukiiachia ipime yenyewe, itaona chumba chenye giza na kuongeza mwanga; ule mstari wa jua utaungua uwe mweupe usio na kitu. Pimia mstari wenyewe. Anzia ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), sekunde 1/250 (muda shata, yaani pazia la kamera, linapokaa wazi), kisha rekebisha. Kwenye simu, gusa sehemu yenye jua, shikilia mpaka ijifunge, halafu shusha mwanga kwa kidole. Zima HDR, ile hali ya kuunganisha picha za mwanga tofauti, maana kazi yake ni kuinua vivuli, na wewe umekuja kutafuta vivuli.

Kama taa hazizimwi, kuna matatizo mawili. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa 50 Hz, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa sekunde 1/1000, hasa kwa shata ya kielektroniki (isiyo na pazia linalosogea), utapata mikanda myeusi kwenye picha. Baki 1/100 au 1/50. La pili ni rangi, kwa sababu mwanga wa dirisha na wa taa haufanani: shavu moja samawati, jingine njano. Picha ya nyeusi na nyeupe itaficha hilo, lakini haiwezi kuleta kivuli ambacho hakikuwepo.

Usimkimbize mtu na kamera. Tafuta mahali mwanga unapoangukia, weka vipimo, tulia. Tarishi atapita na mafaili, mhudumu atapita na chai. Kwa umbo jeusi mbele ya ukuta unaong'aa, mpige kwa ubavu, na subiri mikono iachane na kiwiliwili, la sivyo utapata gunia lililosimama.

Umbo jeusi lina faida nyingine: uso hauonekani. Uso ukionekana, omba idhini kabla ya kuchapisha, kwani Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina sheria yake ya 2019. Halafu kuza picha kabla ya kuituma, ukague skrini za kompyuta, hundi na majina kwenye majalada. Jua la saa mbili asubuhi humulika hayo vizuri kuliko unavyodhani.