Barua kwa mwanangu: homoni gani?

Mwanangu,

Voice yako ya jana usiku nimeisikiza mara tatu, mara ya kwanza niko jikoni na mafuta yako motoni ikabidi nizime jiko nikae kitako. Nimekuelewa. Daktari wa hapo Nairobi kakupiga ile picha ya tumbo kakwambia una PCOS, ile hali ya homoni kuvurugika mayai yasipevuke vizuri, kakuandikia metfomini, wewe ukenda kusoma kwa simu ukaona ni dawa ya sukari na wewe sukari huna, ukaanza kushuku. Hapo hapo mkweo nae kakuletea mtu wake anauza pakiti ya "kubalansi homoni", chai na vidonge na vile vya kujitia ukeni vya kusafishia kizazi, sh 6,500 ya mwezi mmoja, na kwa vile ndoa yaingia mwaka wa pili na mtoto hajaonekana unaona uzito kumkatalia. Ukaniuliza, mama niache za daktari nianze za asili, si hata wewe ulitumia za asili kwa ile shingo yako?

Ndio nilitumia. Hebu nikwambie ilivyokuwa manake wewe ulikuwa boarding, hukuyaona.

Ilianza na baridi. Kaskazi ya Januari, Kibokoni nzima watu wamelala na madirisha wazi, babako yuko chini sakafuni hana hata shati, na mimi nimejifunika blanketi. Mchana nasinzia kama kuku mgonjwa, choo taabu, sauti ikawa nzito mpaka khaleti yako akipiga simu anauliza nani huyu mwanamume. Pete ya ndoa haitoki kidoleni hata kwa sabuni. Na nyusi, hili sikumwambia mtu, nyusi zilikuwa zapukutika upande wa nje, kila nikitoka nazimalizia na wanja, najiambia ni uzee, na nilikuwa na miaka 41 tu jamani. Watu wakasema yao, huyu asema nimeingiliwa, huyu asema ni hedhi yataka kukatika, kuna mmoja akanambia nimeanza kiburi ndio maana siitiki salamu! Bwana mmoja wa dawa, hakunishika hata mkono, akaniangalia tu akasema "mama hizi ni homoni" akaniuzia chupa. Chupa ya soda iliyobandikwa karatasi: homoni, presha, kizazi, nguvu za kiume. Hapo kwenye nguvu za kiume ningegeuka nikaenda zangu, lakini nikalipa.

Nikanywa miezi mitano, chungu yapita shubiri, na blanketi liko pale pale.

Aliyenipata ni kijana mmoja tu wa klinika, na hata sikwenda kwa ajili yangu, nilikuwa nimempeleka nyanyako kupimwa presha. Yuko aandika huku aniangalia, aniangalia, mwisho akasema "samahani mama, hizi nyusi ziliisha lini?" Wallahi nilitaka kulia, wanja wote ule na kumbe anaona. Akanipima shingo kwa vidole, akanambia nimeze mate, akanituma damu ya TSH. Ilirudi 48, na kwa kawaida haipiti kama 4 hivi. Alafu akanieleza vizuri: TSH haitoki shingoni, yatoka kwa tezi iliyo chini ya ubongo, kazi yake ni kuiamsha tezi ya shingo ifanye kazi. Tezi ya shingo ikilala, ubongo wazidi kupiga kelele, ndio ile namba yapanda. Nikamwambia naelewa, ni kama mimi na binti yangu asubuhi ya shule.

Sasa shika hapo. Tangu siku ile mtu akinambia "ni homoni" namuuliza homoni gani? Manake homoni ziko chungu nzima, insulini ya kushusha sukari ni homoni, ya tezi ya shingo ni homoni, prolaktini ya maziwa ni homoni, za mayai ziko zake, hata ile ya kukupa usingizi ni homoni. Mtu akikwambia una shida ya homoni akanyamaza, ni kama fundi afungue boneti aangalie akwambie "ni gari hii". Muulize yule wa pakiti: homoni gani, imepanda au imeshuka, na umeijuaje bila damu? Kama ana jibu niite mimi nitamlipa hizo 6,500.

Ujinga wangu nao haukuishia hapo. Nilipewa levothairoksini, homoni ile ile iliyopungua ila ya kutengenezwa, nikawa mtu tena, nyusi zikarudi, nikaona aah nimepona, nikaacha vidonge nikarudia chupa kwa kuwa "ya asili haina madhara". Haikupita miezi miwili blanketi likatoka kabatini. Tena hata nilipovirudia nikawa navimeza na chai ya maziwa, sikuambiwa au niliambiwa sikusikia, kumbe maziwa na vidonge vya chuma vyazuia dawa isiingie mwilini. Siku hizi nakimeza alfajiri na maji matupu kabla sijaswali, chai yangoja lisaa limoja, kidonge cha chuma kikiwepo kinangoja masaa manne. Ramadhani nakimeza usiku wakati wa kulala tumbo likishatulia, na hilo nilipanga na daktari, sikujipangia. Na usinicheke, nilikula mpaka mwani, ule wanaolima kina mama wa Kibuyuni huko Kwale, mtu alinambia tezi yataka ayodini. Kumbe chumvi yetu hii ya Kenya yatiwa ayodini kwa sheria, na ayodini ikizidi pia yaiharibu tezi.

Haya tuje kwako, lako si langu. Nilimkalisha nduguyo wa famasi hapa Jumamosi akanieleza mpaka nikachoka.

Kwanza hizo "cysts" ulizoambiwa, lile jina linatisha bure, si uvimbe wa kukatwa. Ni vijifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikasimama njiani. Na picha peke yake haitoshi, daktari hutazama mambo matatu, hedhi kuvurugika, homoni za kiume kuzidi (hizo ndevu mbili tatu za kidevuni unazozing'oa na chunusi za taya), na hiyo picha, ukiwa na mawili kati ya matatu ndio huitwa PCOS, tena baada ya kuhakikisha si kitu chengine. Kwa hivyo uliza kama wamekupima TSH na prolaktini, manake tezi kama yangu nayo huvuruga mwezi vile vile, na mambo haya hupita kwa damu ya ukoo. Na sukari, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu. Jengine, vile vidonge vya nywele unavyokunywa vina bayotini, ni aina ya vitamini, na bayotini yadanganya kipimo cha tezi, viache siku kadhaa kabla ya damu na umwambie mtu wa maabara.

Wakuandikia dawa ya sukari na sukari huna kwa nini? Kwa sababu wengi wenye PCOS mwili wao hauisikii insulini vizuri, basi kongosho latoa nyingi zaidi, sukari kwenye kipimo yaonekana sawa lakini insulini iko juu, na insulini ikiwa juu ndio yaisukuma ovari, ile mifuko ya mayai, kutoa homoni za kiume. Yai halipevuki, mwezi hauji. Metfomini yapunguza ule mzigo wa insulini. Na hapa nduguyo alinichekesha, ati metfomini yenyewe asili yake ni majani, kuna mmea Ulaya wanauita Galega wenye maua ya zambarau, wazee wao walikuwa wakitibu nao, wanasayansi wakafuata kilichomo ndani wakatengeneza dawa, na mwaka 1957 daktari wa Ufaransa jina lake Jean Sterne akaandika jinsi alivyoitumia kwa wagonjwa wa sukari. Kwa hivyo ya asili unayo tayari mkobani, tofauti ni kuwa hiyo imepimwa na miligramu zimeandikwa. Kimeze na chakula, waanze na kidogo wapandishe polepole, tumbo litakusumbua mwanzo kisha kwa wengi latulia, ukikaa nacho miaka upimwe vitamini B12.

Lakini mimi sikwambii ni kidonge peke yake, hapo ndipo watu wa mitishamba wana haki yao kidogo, wanasema tibu mwili mzima. Sawa, tuutibu. Mwili mzima ni sahani yako na usingizi wako na miguu yako. Wewe wanambia umekula "mbaazi tu" asubuhi, mbaazi hazina neno, nazi nayo nakusamehe, mahamri manne yaliyoziendea ndio kesi, na chai ya vijiko vitatu. Ule mbaazi na hamri moja. Wali wa nazi sikukatazi, mtoto wa Mombasa akatazwe wali atakula nini, lakini uwe ngumi moja, samaki na mchicha wajaze sahani. Ukishakula usikae, tembea dakika 15, misuli ikifanya kazi yanyonya sukari bila kungoja insulini nyingi. Sisi na khaleti yako jioni tunazunguka Mama Ngina, tunarudi tukipita mihogo ya kuchoma bila kuiangalia, siku nyengine tunaiangalia. Huko kwenu lifti ikiharibika shukuru. Ulinambia una kilo 82, kupunguza 5 hadi 10 kwa mia, yani kilo 4 hadi 8, kwa wanawake wengi yatosha mwezi kuanza kurudi. Na wembamba nao huipata PCOS, kwa hivyo asikuje mtu kukwambia ni ulafi wako. Simu saa saba za usiku uache, usingizi mbovu nao waipandisha insulini.

Uwatu unaouuliza, hatuukatai, nilikunywa nilipokuzaa wewe na mate yake bado nayakumbuka. Ila uwatu nao hushusha sukari kiasi, ukiutia juu ya metfomini mwambie daktari, na siku ukihisi una mimba uweke kando. Mdalasini tia kwenye chai isiyo sukari upate ladha, usiufanye tiba. Vile vya kusafishia kizazi, mwanangu, naomba kwa maziwa uliyonyonya, usivitie. Kizazi hakifuliwi, chajisafisha chenyewe, vitu vile vyachubua na kuleta maambukizi, na maambukizi yakipanda ndio yaziba mirija kweli kweli. Na vidonge visivyo na jina la dawa hujui ndani mna nini, unamkumbuka yule jirani aliyekunywa vya kunenepa kabla ya harusi, akavimba uso ukawa mviringo kama sahani, kumbe zilikuwa steroidi, zile dawa kali za homoni, na alipoziacha ghafla akaanguka.

Kitu chengine hukukisema sana lakini nimekisikia, hujaona mwezi miezi minne. Hilo usilikalie. Pima mimba kwanza, hata kama unaona haiwezekani, PCOS si kizuizi cha mimba, watu wameshikwa wakidhani hawawezi. Kama hakuna mimba rudi kwa daktari akupe dawa ya kuuleta, kwa sababu usipotoka, ule utando wa ndani ya kizazi wazidi kujaa, na ukijaa miaka na miaka huweza kuleta saratani ya kizazi. Nasema miaka, usianze kulia.

Mtoto inshallah. Wengi wenye tatizo hili huzaa, wengine kwa sahani na mwendo tu, wengine kwa dawa ya kupevusha yai, letrozoli ndio wanayoanza nayo siku hizi, na hio ni ya daktari wa wanawake kuisimamia, si ya kununua dirishani. Ila kabla hujaanza kupevushwa, mumeo nae apimwe manii. Ni kikombe kidogo tu, hakiumi. Najua hukuthubutu kumwambia, muweke aongee na babako, wanaume wakiongea wenyewe kwa kahawa husikizana. Mbona pakiti ya mkweo haina chai yake yeye?

Mkweo usimjibu vibaya. Mwambie "mama ahsante, daktari kanizuia kuchanganya dawa mpaka majibu ya damu yarudi", tena si uongo. Pakiti iweke kabatini. Akipiga simu kwangu ntajua la kusema, tumejuana kabla nyinyi hamjajuana.

Majibu yakitoka nipigie picha karatasi yote, si kunisomea kwa simu, nduguyo aangalie namba.

Khaleti yako anakuja na treni ya Jumapili. Nimempa nguru wa kukaanga, kachri kidogo, na mahamri manne, mawili ni ya mumeo.

Mamako