Viti vimefungwa, au wateja?

Mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye ofisi moja pale Posta, niliandika ripoti yenye sentensi hii: "We delivered the chairs to the customers packed in boxes." Mkuu wangu aliizungushia kalamu nyekundu, akaniuliza, "Ni kina nani waliofungwa kwenye maboksi?" Niliisoma mara tatu nisione kosa. Kichwani mwangu vilivyofungwa ni viti.

Chanzo nilikielewa baadaye sana. Kwa Kiswahili ningesema, "Tulipeleka viti kwa wateja vikiwa vimefungwa kwenye maboksi." Ile "vi-" inawaruka wateja na kurudi kwenye viti bila kupotea njia. Kiingereza hakina ngeli. Neno "packed" halibebi alama yoyote ya kuonyesha ni la nani, kwa hiyo msomaji analikabidhi kwa nomino iliyo jirani nalo. Sisi tumekua na upatanisho wa kisarufi, tunaandika Kiingereza kana kwamba nacho kinao.

Sentensi ile niliiponya kwa kusogeza tu: "We delivered the chairs, packed in boxes, to the customers."

Lenye hila zaidi ni fungu la maneno linalofungua sentensi. "Arriving at Kivukoni, the ferry had already left." Unamaanisha wewe ulifika ukakuta pantoni limeondoka. Lakini kwa Kiingereza, aliyefika ni yule anayetajwa mara tu baada ya mkato, yaani pantoni lenyewe! Hapa kusogeza hakusaidii, maana wewe humo kabisa kwenye sentensi. Jitaje: "When I arrived at Kivukoni, the ferry had already left."

Mpaka leo, kabla sijatuma barua pepe yoyote ya kazi, kila fungu la namna hiyo nalitafsiri kimoyomoyo. Kiswahili kinakulazimisha uchague: nilipofika au lilipofika? Ukishajua mhusika ni nani, hakikisha ametajwa, tena karibu.

"Only" nalo lichunge. "She sells only fish on Saturdays": Jumamosi anauza samaki tu. "She sells fish only on Saturdays": siku nyingine samaki hauzi.

Ila nomino mbili zikiwa za ngeli moja, hata kiambishi chetu kinashindwa. "Nimemwona mtoto wa jirani aliyehamia Kigamboni." Aliyehama ni mtoto au jirani? Hapo na sisi inabidi tuipange sentensi upya.