Beba beseni kwanza, karatasi ya maswali baadaye

Wiki iliyopita nilitetea memwari yangu, yaani tasnifu, ya antropolojia hapa Bukavu, na jury wakaipa distenksio. Tangu siku hiyo wadogo zangu wa masomo hawaachi kuniandikia: "Yaya, utafiti nianzie wapi?" Wengi wanatuma na karatasi ya maswali, imeshapigwa chapa.

Mimi nilianza na sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Nilimwomba mama mmoja muuzaji wa Kadutu ruhusa, nikamweleza ninachotafuta, kisha nikawa nambebea beseni alfajiri mitumbwi ikirudi. Chuoni, msaidizi mmoja wa profesa akaniuliza mbele ya wenzangu kama nasomea antropolojia au uchuuzi. Neno lile linaniuma mpaka leo.

Lakini mambo niliyaona kulekule. Wavuvi wa Ziwa Kivu huvua usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hawafuati taa vizuri, na wengi hupumzika. Ukimuuliza mama anapata faranga ngapi kwa siku, atakujibu, ila ni siku ipi? Usiku ukiwa wa giza, mvuvi humwachia samaki kwa deni. Mbalamwezi ikifika, mama ndiye anayepeleka unga nyumbani kwa mvuvi, na pesa inatoka kwenye likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu. Hayo sikuyapata kwa kuuliza, niliyapata kwa kubeba ule unga. Na sambaza wenyewe waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950: desturi inayoonekana ya mababu haijauzidi umri wa bibi yangu!

Mwanaantropolojia Bronisław Malinowski, kule visiwa vya Trobriand katika Bahari ya Pasifiki kati ya 1915 na 1918, alipiga hema kijijini, akajifunza lugha, akaandika hata mambo madogomadogo ya kila siku. Sisi lugha tunayo tayari, na bado tunakimbilia karatasi.

Mdogo wangu, kaa na watu. Saidia kazi. Andika jioni ileile. Uliyoyaona yaweke mbali na uliyoambiwa, maana mara nyingi hayafanani. Kaa na watu, narudia. Maswali yatazaliwa hapo, na yatapita yale unayonakili kwenye memwari za wakubwa. Majina ya watu yabadilishe.

Juzi yule msaidizi aliniomba kaye zangu, madaftari ya utafiti, azisome. Sikumpa. Mle mna madeni ya wamama walioniamini.