Sado la dagaa na msemo wa Mmarekani

SWALI: Shikamoo mzee. Nimetumiwa msemo kwenye simu: "Heri usijue kitu kuliko kujua kisicho kweli." Chini wameandika Mark Twain. Binti yangu wa kidato cha nne anabisha, eti ni wa mtu mwingine. Tumewekeana sado moja la dagaa. Nani kashinda?
Mama muuza dagaa, Mwaloni, Kirumba, Mwanza

JIBU: Marahaba, mama. Jaza sado, mpe binti. Na usipime vidole vikiwa ndani, nawajua.

Mwenye msemo ni Josh Billings, Mmarekani aliyezaliwa 1818 na kufa 1885. Hilo nalo ni jina la kalamu. Kwao aliitwa Henry Wheeler Shaw. Yeye na Twain, mwandishi mwenzake, walikuwa wa zama moja, ila Twain kavuma zaidi, basi kila neno tamu likikosa mwenyewe anabebeshwa yeye.

Huyu Billings angeelewana sana na watu wa Mwaloni, maana kabla ya kushika kalamu alikuwa dalali wa mnada. Aliandika insha juu ya nyumbu, haikumshtua mtu. Akairudia kwa tahajia mbovu ya makusudi, kama mtu anayeandika "sijuwi" na "hivo", watu wakaigombania. Maneno yaleyale! Nadhani tunampenda mwenye hekima akijifanya hakusoma. Akivaa tai tunamwona anajidai.

Huo msemo wenyewe ulishanichoma. Nilikuwa kwenye kivuko cha kwenda Kamanga, namweleza kijana mmoja mgeni, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye magari, kwamba sangara yumo humu Ziwa Victoria tangu enzi za mababu. Pembeni palikuwa na mzee kakalia ndoo, anamenya muwa. Akaacha kumenya.

"Mwanangu, utotoni sisi tulikula furu. Sangara nimemwona nikiwa na watoto wanaotembea."

Na ni kweli: sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, akaja kujaa huku kwetu miaka ya 1980, na furu wengi wakaishia tumboni mwake. Kama ningekuwa sijui kitu, ningeuliza. Kwa kuwa nilijua, nilihubiri.

Nikajitetea: "Basi angalau sato ni wa kwetu."

Mzee akanitazama kwa huruma, akanikatia kipande cha muwa. Sato naye kaletwa miaka hiyohiyo ya 1950. Nilitafuna muwa mpaka Kamanga.