Sarateni si sayari

SWALI: Naandaa kijitabu cha watoto kuhusu anga. Nimeandika, "Titan ni mwezi mkubwa kuliko miezi yote ya Sarateni." Mwenzangu anashikilia kuwa mwezi ni mmoja tu, huu wetu, na kwamba ya sayari nyingine iitwe setilaiti. Nani kasema kweli?

JIBU: Wewe. Setilaiti siku hizi ni chombo kilichorushwa na watu, na ukimwambia mtoto kwamba Mshtarii ina setilaiti atauliza nani kazirusha. Andika miezi. Huu wetu upe herufi kubwa, Mwezi, basi. Jihadhari tu na kitenzi: "mtoto ana miezi miwili" ni umri wake, kwa hiyo "Mirihi ina miezi miwili" inafanana na taarifa ya kliniki. Sema Mirihi huzungukwa na miezi miwili, Phobos na Deimos, na utata umekwisha.

Kilichonikwaza ni neno la mwisho la sentensi yako. Najua ulikolitoa. Ni ile orodha inayokaririwa kwa wimbo: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi. Hadi Mshtarii tunavumiliana. Kuanzia hapo ni vurugu tupu.

Sarateni ni saratani iliyopinda irabu, na saratani kwa Kiarabu ni kaa, yule wa magando. Katika unajimu ni burji ya nne, baada ya Hamali, Thauri na Jauza. Kausi nayo ni upinde, burji ya tisa. Burji si sayari. Ni kundi la nyota za mbali mno ambazo sayari huonekana zikipita mbele yake. Zohali, ndiyo sayari unayoiita Sarateni, huchukua miaka 29 na nusu kulizunguka Jua, na burji ni 12, kwa hiyo hukaa katika kila moja kama miaka miwili na nusu. Zamu ya Kaa ikifika tutasemaje, Sarateni imeingia Saratani? Huko ni kumwita msafiri kwa jina la nyumba ya wageni aliyolala.

Lakini hayo ni madogo. Nionyesheni aliyempa Pluto jina la Utaridi.

Utaridi ni jina la kale la Kiarabu la sayari iliyo karibu zaidi na Jua. Wanajimu wa kale walijua sayari tano, zile zinazoonekana kwa macho matupu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Hakukuwa na ya sita ya kupewa jina, maana Uranusi ilitambuliwa na William Herschel mwaka 1781 kwa darubini, Neptuni ikaonekana 1846, na Pluto ikanaswa na Clyde Tombaugh katika picha mwaka 1930. Jina limeitangulia Pluto kwa karne nyingi. Ni cheti cha kuzaliwa cha babu kilichobandikwa picha ya mjukuu.

Na kosa hili lina gharama. Mtoto akisoma kwamba Utaridi hulizunguka Jua kwa siku 88, halafu wimbo ukamwambia Utaridi ndiyo ile ya mwisho kabisa, amekosea kwa miaka 248, maana ndiyo muda wa Pluto. Akisoma kuwa mchana Utaridi huunguza kwa zaidi ya nyuzi 400 za Selsiasi, atadhani kuna tanuri kwenye giza la mwisho, mahali ambapo nitrojeni yenyewe imeganda. Halafu tunalalamika kwamba watoto hawaelewi sayansi. Isitoshe, Pluto si sayari kamili tangu 2006. Ni sayari kibete, ndogo kuliko Mwezi wetu. Hata kwenye wimbo haina kiti.

Chanzo, kwa maoni yangu, ni Zebaki. Zebaki ni madini, ile fedha majimaji ya vipimajoto vya zamani. Kiingereza hutumia neno moja kwa madini na kwa sayari, na inavyoelekea mfasiri fulani alifungua kamusi, akaona zebaki, akafunga kamusi. Utaridi akabaki hana kazi, akapangiwa kituo cha mbali. Zohali naye akasukumwa hadi ya saba, na pengo lake akawekwa kaa.

Zebaki nimechoka kuipinga. Imeshazoeleka, wanaoitumia si wajinga, na haimnyang'anyi mwenzake jina. Iweke kwenye mabano mara moja, mbele ya Utaridi, uendelee. Sarateni, Kausi na Utaridi-Pluto siwezi kuzimeza. Uranusi, Neptuni na Pluto yanatosha, maana vitu vilivyoonekana juzi havina haja ya majina ya kale.

Jambo dogo kabla hujachapa: majina haya hufuata upatanisho wa sayari. "Zuhura inang'aa" ni sayari. "Zuhura anang'aa" ni binti wa jirani.

Sentensi yako basi: "Titan ni mwezi mkubwa kuliko miezi yote ya Zohali." Iko zaidi ya 270, na Titan peke yake, wenye kipenyo cha kilomita 5,150, unaipita Utaridi kwa ukubwa. Utaridi halisi.