Picha Isiyo na Mtu

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na picha 20 ulizotuma kwa simu nimeziona. Dadako alinionyesha moja moja, nikamwambia aanze tena. Umeniuliza: maonyesho yako ukiyaita "Nyumbani", na picha zote ni za Umeå, theluji na ile miti ya gome jeupe mnayoiita björk, utakuwa umeikana Lamu? Unasema hata wenyeji wa huko Sweden wanakuuliza mbona hupigi picha za kwenu.

Nitakujibu. Lakini kwanza tumalize habari ya ile filamu ya kamera.

Ninalolisema siku zote unalijua: picha isiyo na mtu ni picha ya nani? Mti hupandwa, hukatwa, au watu hukaa kivulini pake. Nililisema ulipokuwa mdogo, nikalisema ulipoondoka, na leo nalisema.

Harusi ya dadako, 1996. Kamera ya kuazima kwa mjomba wako, filamu moja ya picha 36, nayo tuliiagiza Mombasa. Shangazi yako ndiye angepiga, maana kwenye shughuli ya wanawake haingii mwanamume na kamera. Wewe alfajiri ukapanda dau la babu yako kwenda mikokoni, kamera umeificha ndani ya leso. Ukarudi na tope la magotini, ukaiweka palepale ulipoitoa, kimya. Picha 14 zimekwenda.

Usiku dadako akatolewa. Nyanya yako alikuwa na leso mpya, kikuba cha asumini kifuani. Akaketi ubavuni mwa bibi harusi, akainua kidevu. Shangazi yako akabonyeza. Haikulia. Akabonyeza tena. Nyanya yako akabaki vilevile, kidevu juu, anangoja. Kisha akasema, "Basi, si neno." Mwaka uliofuata tukamzika. Tumebaki na picha yake ya kipande, kile kitambulisho cha serikali, ambayo mimi siihesabu. Mle wamemfanya kama mtu aliyekamatwa.

Nilikupiga. Unakumbuka, na mimi nakumbuka zaidi yako.

Picha ziliporudi kutoka kusafishwa nikazitazama: mizizi, tope, mizizi, kisiki. Nikazitupa kitandani. Aliyeziokota ni nyanya yako. Alizisogeza dirishani, macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akaanza kutaja aina za mikoko: "Huu mlilana. Huu mchu. Na mui huu kaukata mtu wa mashoto." Babu yako alikuwa mlangoni. Akacheka mpaka akakaa chini, maana wakataji wa mashoto hapa walikuwa wangapi? Kumbe kisiki ni chake.

Wakazungumza mpaka adhana ya isha. Zama zile boriti za mikoko zilihesabiwa kwa korja, ishirini ishirini, majahazi ya Waarabu yakingoja kusi yarudi nazo kwao, kabla serikali haijapiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Nyanya yako akasimulia alivyomfuata mumewe kambini akiwa bado mwari, wakalala kibandani juu ya tope, na usiku maji yakajaa yakachukua sufuria yake ya mahari. Mimi niliyezaliwa na watu wale wawili sikuwahi kuyasikia hayo. Yalitolewa na kisiki chako.

Basi picha ile haikuwa na mtu, na watu wawili walikuwamo. Najua sasa unatabasamu. Usitabasamu. Ningezitoa zote 14 nipate ile moja ya kidevu juu. Zote. Ingawa ile ya kisiki... hapana, hata ile ningeitoa. Labda ningeomba kwanza niitazame mara moja tena. Imo sandukuni, imegandana na bahasha, na kila nikiifungua nasikia sauti yake ikitaja miti.

Tuje kwenye miti yako. Uliniambia kwamba mji huo uliungua mwaka 1888, watu wakapanda miti hiyo barabarani ili moto ukija tena usiruke nyumba hadi nyumba. Kabla sijaambiwa niliiona kama mapambo. Nilipojua, niliiona imesimama kama watu wanaolinda zamu. Lakini hilo ulinieleza wewe kwa mdomo; pichani sikuliona, niliona weupe tu. Nyanya yako angeuliza nani kaupanda.

Iliyonikaa ni ile ya 17, ya pete ya chuma iliyochimbiwa kwenye mwamba, ya kufungia mashua, na maji yako mbali kabisa. Umeandika kwamba nchi ya huko inapanda takriban milimita 9 kila mwaka, tangu uzito wa barafu ya kale ulipoiondokea, na bahari inarudi nyuma. Nilikaa na hiyo picha siku nzima. Mtu alifunga kamba pale, akajua kesho atakuta maji.

Kuhusu jina la maonyesho, nimejizuia tangu mstari wa kwanza. Ningekuwa mimi nisingeliita hivyo. Lakini mimi sijaishi huko miaka 11, wala sijui theluji inanukaje asubuhi, na aliyekupiga kwa ajili ya picha za tope hana haki ya kukuchagulia majina. Nenda kwanza kwenye mwamba ule. Mtafute mzee wa hapo, umuulize nani alikuwa akifunga mashua kwenye pete hiyo na alikuwa akienda wapi. Akikujibu, niandikie kabla hujalichapisha hilo neno.

Na ukija, uje na kamera. Mimi sasa nina umri aliokuwa nao nyanya yako usiku ule. Leso mpya ninayo.

Mamako