Unafuatilia mbu kwenye kambi ya mafunzo? Anza na ratiba ya makuruta

Nimefanya kazi za afya kambini muda wa kutosha, na kitu kimoja nakiona kila mahali: mtego wa mbu unatundikwa nyuma ya zahanati, kwa sababu pale kuna umeme, kuna mlinzi, na bwana afya hana haja ya kuvaa mabuti kwenda kuuangalia. Asubuhi wanakuta mbu watatu wanne, ripoti inaandikwa hali shwari, halafu baada ya muda unashangaa kombania nzima iko kwenye foleni ya vipimo. Sasa hao makuruta si hawalali zahanati jamani! Wanalala porini, wanakesha lindo, wanalala kifudifudi renji, uwanja wa kulenga shabaha, tangu alfajiri. Mtego uende waliko wao.

Kwa hiyo kabla hujagusa mtego wowote, nenda kwa mkufunzi mkuu umuombe ratiba. Ikague kwa macho ya mbu, yaani uliza saa ngapi watu wametulia sehemu moja na ni wapi. Anofelesi anayebeba malaria anauma usiku, Aedesi wa dengi na chikungunya anauma mchana, hasa asubuhi na jioni. Zoezi la kuvizia usiku kando ya bwawa ni habari ya malaria, ila kozi ya vikwazo yenye matairi, asubuhi, pale wasiwasi wangu ni dengi, na watu wengi hawalifikirii hilo kabisa kwa sababu wanaona chandarua kimeshamaliza kazi.

Ukishajua hayo ndio uchague mtego. Ule wa taa uitwao wa CDC, kwa jina la taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wenye kifeni na betri, uwashe kabla jua halijazama na uuache mpaka asubuhi, na unafanya kazi vizuri zaidi ukitundikwa pembeni ya mtu aliyelala ndani ya chandarua, maana harufu na pumzi yake ndio chambo. Barafu kavu ukiipata weka, inatoa hewa ya ukaa na mbu wanaifuata. Lakini kwa Aedesi taa haisaidii sana, yeye mtegee kopo jeusi lenye maji na kipande cha kitambaa, atataga mayai hapo, wewe uhesabu. Ni rahisi, ila lazima umwage maji na kulisugua kopo kila wiki la sivyo umefuga mbu mwenyewe kwa hela ya serikali.

Halafu jambo ambalo mafunzo ya wadudu hayakwambii: kifaa chenye waya, betri na taa kimejificha kichakani kwenye eneo la jeshi, lindo akikiona usiku atafikiri nini? Andika jina la kitengo juu yake kwa herufi kubwa, mwambie kamanda wa zoezi, muulize pia kama usiku huo taa zinaruhusiwa. Na usiende kabisa kutafuta viluwiluwi vya mbu kwenye mashimo ya mizinga sehemu inayopigwa risasi na mabomu mpaka wenye renji wakuruhusu na mtu wao awe na wewe, kombora ambalo halikulipuka halijui kama wewe umekuja kuchota maji tu.

Kwenye maji ndiko kazi kubwa iliko. Kambi ya mafunzo inazalisha madimbwi kila siku: mahandaki, njia za magari mazito, turubai zilizolegea, maboksi ya risasi yaliyoachwa wazi, matairi. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi mbili kukiwa na joto, kwa hiyo handaki lililochimbwa na kundi hili likajaa mvua linawapokea kundi linalofuata likiwa tayari. Ndio maana mimi nasisitiza kufukia mahandaki kuingizwe kwenye orodha ya kufunga zoezi, sambamba na kuhesabu silaha. Ukichota maji kwa kata, kiluwiluwi kilicholala sambamba na uso wa maji ni Anofelesi, kinachoning'inia kichwa chini ni Kuleksi, aina nyingine ya mbu, au Aedesi. Huhitaji maabara kwa hilo. Na mayai ya Aedesi yanavumilia ukavu miezi kadhaa, kwa hiyo tairi kavu wakati wa kiangazi lisikudanganye, litoboe au liondoe.

Idadi ya mbu peke yake lakini haikwambii hatari. Wanajeshi wa Marekani waliposhuka Liberia mwaka 2003, kati ya 157 waliolala nchi kavu 69 walipata malaria, na dawa za kinga walikuwa wamepewa, tatizo wengi hawakuzimeza ipasavyo na vyandarua hawakutumia. Kwa hiyo unapopita kuangalia mitego pita na kwenye mahema, angalia nani amechomekea chandarua, nani amekunja mikono ya shati jioni, sare zilitiwa permethrini, ile dawa ya wadudu ya nguo, lini. Hayo nayo ni data, yaandike.

Mwisho ni daftari la homa, na hapa ndipo kambi nyingi zinapoteza mchezo. Malaria huonekana angalau wiki moja baada ya kuumwa na mbu, dengi siku 4 hadi 10, sasa kama kozi ni ya wiki mbili kuruta anaumwa akiwa ameshahamia kituo kingine na daktari wa huko hajui chochote. Malaria ya aina ya vaivaksi ndio kabisa, inaweza kuibuka miezi baadae. Daftari lisiandike tu jina na kipimo, liwe na platuni na sehemu alizolala wiki mbili zilizopita, na kila anayeondoka apewe karatasi inayosema alikuwa eneo lenye mbu gani, aionyeshe akipata homa. Ukiona homa tatu zimetoka platuni moja iliyokesha sehemu moja, usisubiri mtego ukubaliane na wewe, nenda kaangalie maji ya pale siku hiyo hiyo.